Barua Kumi na Moja Kwenye Seva ya Darasa

Kwa karibu mwaka mzima nilifundisha intaneti pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, bila kuwa na intaneti. Usicheke. Nilikuwa na kompyuta tisa zilizochoka, chumba cha matofali ambacho kanisa letu lilinipa siku za kazi, betri mbili za sola, na kisanduku cheusi chenye antena mbili. Kifurushi cha data cha kutosha watu tisa hakikuwepo. Kwa hiyo nilifanya nilichojifunza kwetu Kongo, Bukavu, nikiwa mwanafunzi: nilichukua kompyuta ya kumi, nikaifanya seva, nikajaza ndani yake kila kitu ambacho mwanafunzi angekikuta mtandaoni. Niliweka kurasa za kusoma, kamusi, ramani, na posta ndogo ya barua pepe ambayo niliitengeneza mwenyewe kwa wiki mbili za kubishana na mashine.

Seva, kwa asiyejua, ni kompyuta kama zile nyingine, ila kazi yake ni kungoja kuombwa. Ukiomba ukurasa, inakupa. Ukiipa barua, inaipokea na kuitafutia njia. Ile ya kwangu haikuwa na njia ya kuitafuta. Waya wake uliishia kwenye kile kisanduku cheusi, na kisanduku kilikuwa juu ya kabati la vitabu vya nyimbo, basi. Wageni wa kanisa walipopita wakaona akina mama wanafungua kurasa na kutumiana barua, walinipa mkono na kusema kazi ni nzuri. Sikuwasahihisha. Hilo nalitaja mapema kwa sababu baadaye nilitafuta sana mtu mwingine wa kumlaumu.

Nilikuwa mwalimu mkali wa maneno. Sina subira na watu wanaosema intaneti iko hewani. Hewani Dzaleka kuna vumbi tu. Siku ya kwanza ya kila darasa nilisema hivi, nikigonga ubao: mtandao ni kompyuta mbili au zaidi zinazoweza kupeana habari. Intaneti ni mitandao mingi ya namna hiyo, ya nchi na nchi, iliyounganishwa pamoja. Kisanduku hiki kinaitwa rauta, na kazi yake ni kujua habari ipi inabaki ndani na ipi inatoka nje. Wifi ni njia ya kutoka mezani kwako mpaka kwenye rauta, haiendi mbali zaidi ya hapo. Ukiona mistari ya wifi imejaa, maana yake unasikilizana na kisanduku. Kama kisanduku chenyewe kinasikilizana na dunia, hiyo ni habari nyingine.

Halafu niliongeza, kwa Kifaransa, kwamba yetu sisi ni réseau local, yaani mtandao wa ndani. Nilisema hivyo haraka, kama mtu anayetaja jina la ukoo wake asioupenda.

Kulikuwa na jambo lingine, nalo lilitokana na huruma. Mwanzoni seva yangu ilikuwa kweli kabisa. Mtu akiandika anwani ya nje, ilimwonyesha mstari mwekundu wa Kiingereza kwamba barua haiwezi kwenda. Akina mama wawili wa kwaya waliona ule wekundu, wakadhani wameharibu mali ya kanisa, hawakurudi tena. Nikakasirika. Nikaibadilisha seva ikubali anwani yoyote ile, iipokee barua na kuilaza kwenye folda moja, kisha imwonyeshe mwanafunzi sentensi ya kijani niliyoiandika kwa mkono wangu: Ujumbe wako umetumwa. Watu waliipenda sentensi ile. Mzee mmoja aliipigia makofi.

Mama mmoja aliingia darasani wiki ya tatu. Alikuwa fundi wa kushona, mtu wa Fizi, mwenye kibanda chake karibu na soko la kambi. Alikuja saa nane mchana na nyuzi bado zimeshika kwenye sweta, akasimama mlangoni.

"Mwalimu, mi nataka nijue kutuma barua tu," alisema. "Ile ingine fundisha batoto."

Niliudhika kidogo. Nilimwambia hapa hatuuzi kipande, atajifunza yote kama wenzake. Akakaa. Akajifunza yote, lakini kwa uso wa mtu anayengoja matangazo ya kanisani yamalizike. Nilipoeleza kwamba kila kompyuta ina anwani ya namba, na kwamba majina tunayoandika kwenye kivinjari hugeuzwa kuwa namba na seva maalumu yenye orodha kubwa ya majina, alikuwa akikata kucha. Nilipoeleza kwamba barua haisafiri nzima, hukatwa vipande vidogo vinavyoitwa paketi, kila kimoja kikiwa na anwani yake na namba yake ili viungwe upya huko vinakofika, aliinua kichwa.

"Na kimoya kikipotea?"

"Kinaombwa tena, mama. Kompyuta inayopokea inasema, sijapata cha nne, nirudishie."

"Aa. Hiyo ni muzuri."

Nilimpa anwani ya barua pepe kama wengine. Mbele iliandikwa jina lake, katikati ile a iliyozungushwa, na mwisho, panapokaa jina la seva, niliweka neno darasa. Anwani zote za wanafunzi wangu ziliishia hivyo. Duniani hakuna posta yenye jina hilo. Mle chumbani ilikuwepo.

Baada ya hapo alikuja kila wiki. Aliandika kwa vidole viwili, huku kitenge amekitandaza juu ya kioo na kichwa chake kama mtu anayejifukiza. Wenzake walimtania kwamba ana mchumba Australia. Alicheka akawaambia huyo mchumba ana meno ya dhahabu. Mimi pia nilicheka. Nilidhani anafanya mazoezi, na nikasema moyoni, laiti wote wangekuwa na bidii ya huyu.

Alichokuwa akikiandika nilikijua siku alipoacha. Wiki mbili hakuonekana, ya tatu akaja darasa limekwisha, nikiwa nafunika kompyuta na vitambaa. Alibaki amesimama.

"Mwalimu, niko na swali. Kama mutu anakataa kusoma barua yako, ordinateri inakuonyesha?"

Alimaanisha kompyuta, na swali zuri hunilegeza. Nilimweleza kwa raha zangu. Kutumwa ni jambo moja, maana yake barua umeikabidhi kwa seva yako. Kufika ni jambo la pili, maana yake seva ya mwenzako imeipokea. Kusomwa ni la tatu, na hilo mara nyingi huwezi kulijua.

"Basi amekataa," alisema. "Barua kumi na moya. Hata moya hajajibu."

"Nani, mama?"

"Mutoto wangu mukubwa."

Akaniambia, akiwa amesimama vilevile. Walipokimbia vita kule milimani Fizi alikuwa na watoto wawili wa kike, mmoja wa miaka tisa na mmoja aliyekuwa bado mgongoni. Alimchukua wa mgongoni. Yule wa miaka tisa alimwacha na nyanya yake, ambaye miguu ilikuwa imemkataa. Alidhani ni kwa juma moja. Sasa msichana yule yuko Bujumbura, yuko sekondari, na shuleni kwao wana kompyuta. Mwaka uliopita mama mmoja muuza vitenge aliyepita Dzaleka kumsalimia dada yake alimletea kikaratasi. Upande mmoja kulikuwa na anwani ya barua pepe ya binti. Upande wa pili kulikuwa na swali moja: Mbona ulimchukua mdogo ukaniacha mimi?

Simu hakuitaka. Simu ilikuwa ya jirani, na jirani alikuwa na masikio. Jibu la swali lile alitaka aliandike mahali ambapo hakuna mtu anayesikiliza, ndipo akaja kwangu. Na anwani yake, ile niliyompa mimi, alimpa yule mama wa vitenge alipopita tena, ampelekee binti.

"Ulimwandikia kutoka wapi?" niliuliza, ingawa nilikuwa nimeshajua.

"Hapa, kwako. Ile ya kijani ilikuwa inasema imetumwa."

Ningemwambia palepale. Sikumwambia. Nilisema, "Ntaangalia, mama," kwa sauti ya daktari, akashukuru, akaenda zake. Nilifunga mlango nikafungua ile folda. Kati ya barua za mazoezi, zile za "habari ya leo" na "mimi ninajifunza kompyuta", zake zilikuwepo kumi na moja, zimelala kwa mpangilio, na anwani ile ile ya Bujumbura juu ya kila moja. Sikuwa na haki ya kuzifungua. Msimamizi wa seva anaweza kusoma kila kitu, na ndiyo maana hatakiwi kusoma. Hilo pia nilikuwa nalifundisha. Nilifungua ya kwanza. Ilianza na salamu, ikauliza masomo, ikasema huku maharage yamekauka mapema. Nikafungua ya mwisho. Ilikuwa fupi: Kama umenikataa, na mimi nimekuacha mara ya pili. Usiniandikie tena.

Nilizima mashine.

Siku nne sikusema kitu. Nilijipa sababu, na zilikuwa nyingi. Nilisema siku ya kwanza kwamba ni mtandao wa ndani. Yeye hakuwepo siku ya kwanza. Ningejuaje? Kwani ni nani anayetuma siri yake kwenye kompyuta ya darasa? Hasira yangu ilimwendea yeye, halafu wale mama wawili wa kwaya walioogopa wekundu, halafu watu wa kampuni za simu, halafu ikarudi nyumbani kwa sababu haikuwa na mahali pengine pa kukaa. Nilimweleza mke wangu siku ya nne, mchana, sahani ya nsima, ule ugali wa huku, ikiwa kati yetu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ule mama anajua mutoto wake amemukataa," alisema. "We unajua hapana. Na uko unakula?"

Niliacha chakula nikaenda.

Alikuwa kibandani kwake anapandisha pindo la sare ya shule. Nilimwambia kila kitu bila kupamba. Seva ya darasa haiendi popote. Kisanduku hakijaunganishwa na dunia. Sentensi ya kijani niliiandika mimi ili watu wasiogope. Barua zake zote ziko juu ya meza yangu, hazijawahi kutoka chumbani. Na anwani niliyompa haipo nje ya chumba kile. Mguu wake ulisimama juu ya kanyagio.

"Kumbe nilikuwa naongea na meza."

"Nisamehe, mama."

"Hajanikataa?"

"Hajapata hata neno moja."

Alifikiri. Niliona kitu kinapanda usoni pake, nikadhani ni furaha, kisha nikaona ni woga.

"Na ile ya mwisho?"

"Haikwenda. Hakuna iliyokwenda."

Akainamisha paji la uso juu ya cherehani. Watu walipita. Alipoinuka macho yake yalikuwa makavu.

"Uliisoma," alisema.

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, umepangwa vizuri. "Ya kwanza na ya mwisho," nikasema.

Alianza kukanyaga tena, akashona lile pindo mpaka mwisho, akakata uzi, akachukua sare nyingine. Nilisimama pale kama mdaiwa, kisha nikaondoka. Aibu niliyokuwa nayo sijawahi kuipata tena, na sitaki.

Kesho yake alituma neno kwa mke wangu: Jumamosi nimpeleke Lilongwe. Nilijitolea simu yangu, nikasema naweza kununua data, tutume hapahapa kambini bila kusumbuka. Akakataa. Hakutaka kitu chochote cha kwangu. Alitaka mashine ya watu wengine kabisa.

Tulipata karatasi zetu za ruhusa ya kutoka kambini, tukachukua kabaza, zile baiskeli za abiria, hadi barabara kuu, na kufika mjini kabla ya saa nne. Nyuma ya soko la Tsoka palikuwa na duka la kutoa fotokopi lenye kompyuta sita na mwenye duka Mmalawi mwenye usingizi. Yule mama hakukaa. Alitazama chini ya meza, akatazama ukutani.

"Waya ya kutoka iko wapi?"

Nilimuuliza mwenye duka kwa Chichewa changu kibovu. Alicheka, lakini alitupeleka. Rauta yake ilikuwa kama yangu, yenye taa zilezile. Tofauti ilikuwa waya mmoja mweusi uliotoka nyuma yake, ukapanda ukuta, ukapita kwenye tundu la dari. Tulitoka nje akatuonyesha ulivyokwenda hadi kwenye nguzo. Nikaeleza safari nzima, safari hii polepole na bila ubao. Barua inatoka kwenye kompyuta, inaingia rauta, inapita waya huu hadi kwa kampuni inayouza intaneti, inapokezana kutoka rauta moja hadi nyingine, mpaka kwenye seva inayotunza barua za binti. Inalala pale. Binti akifungua kompyuta ya shule, kivinjari chake kinaiomba, seva inampa. Kama anwani haipo, barua inarudi na maelezo. Inarudi kweli, mama, hapa hakuna mtu aliyeficha ule wekundu.

Alinyoosha mkono akaugusa waya pale ulipokuwa karibu. "Zikomo," alimshukuru mwenye duka kwa Chichewa, tukarudi ndani.

Tulimfungulia anwani mpya, ya kweli. Wakati wa neno la siri nilitazama ukuta bila kuambiwa. Kisha nikatoa kifaa kidogo cha kumbukumbu nilichokuja nacho mfukoni.

"Barua zako ziko humu. Unaweza kuchagua za kutuma."

"Tupa," alisema. "Ndani ya zile kumi na moya sikumujibu hata kidogo. Nilimusalimia tu. Maharage, mvua, kanisa. Halafu nikamukasirikia."

Akaanza kuandika. Hakutandaza kitenge. Alichukua muda mrefu kwa mstari mmoja, akifuta, akirudia, na mimi nilihesabu mabati ya dari. Mwisho aliniita.

"Angalia kama herufi ziko sawa. Si umezoea kusoma."

Nilistahili. Nikainama nikasoma: Ni we nilikuacha sababu nilijua we hautalia.

Nilimwambia herufi ziko sawa. Akabonyeza. Tulikaa saa nzima kungoja kama barua itarudi, naye kila mara aliuliza, na kila mara nilifungua upya nikamwambia bado. Haikurudi. Hiyo haikutosha kumfurahisha, wala mimi. Mama alikuwa amejifunza kwangu kutokuamini ukimya wa mashine.

Juma lile lilikuwa kama haliishi. Darasani niliifuta ile sentensi ya kijani, nikaandika juu ya mlango kwa Kiswahili kwamba barua za humu hazitoki humu. Watu watatu waliacha kuja. Kanisani yule mama aliimba akiwa anatazama mbele, na mke wangu alikaa benchi moja naye.

Jumamosi iliyofuata tulirudi Tsoka. Aliandika neno lake la siri mwenyewe, mara mbili kwa sababu mikono ilikosea, na barua moja ilikuwepo. Alisoma kwa sauti, silabi kwa silabi, kidole kikitembea juu ya kioo.

Mama, nilikuandikia mara ine kwenye adresi uliyonipa. Zote zilirudi. Zilisema adresi hiyo haiko. Nikaona ulinipa ya uongo ili nisikupate. Sasa umeniambia ulijua sitalia. Nililia. Siku ile nililia mpaka nyanya akanifunika na blanketi ili watu wasisikie. We ulikuwa umeshaenda.

Aliisoma tena, kimya, midomo ikitembea. Mimi nilikuwa nimeshika mgongo wa kiti chake.

"Mwambie ni mimi," nikasema. "Hiyo anwani ya uongo niliitengeneza mimi. Mwandikie hivyo, mama, tafadhali."

"Hiyo ntamwandikia nyuma," alisema. "Mbele nimujibu hii ya kulia. Pa kujibia ni wapi?"

Nikamwonyesha kimshale.

"Sasa toka, mwalimu."

Nilitoka nikasimama nje, kati ya wauza nyanya na wauza mitumba. Nilirudi mlangoni mara mbili kuchungulia, na mara zote mbili alikuwa bado anaandika. Hakutoka mpaka mwenye duka alipoanza kufunga.